Diploma ama Digrii ya Unesi? Kwanza Sema Ukweli Unaishi Wapi

Tangu nianze kuposti picha nikiwa na yunifomu, swali ambalo limenifuata zaidi ni hili: "Si ulipata B minus? Sasa KMTC ulienda kufanya nini?"

Kawaida hujibu kwa emoji ya kucheka, halafu naendelea na maisha. Leo wacha nijibu vizuri. Kila mwaka matokeo ya KCSE yakitoka, kuna msee mahali amekaa na simu saa sita usiku, bando inaisha, analinganisha kozi za unesi. Diploma huku, digrii kule, na nyumbani hakuna mtu wa kumwelezea. 2024 huyo msee nilikuwa mimi. Na nilikosea. Hesabu nilikuwa najua vizuri tu. Kilichoniangusha ni aibu.

Wacha nianze na anwani. Mimi ni wa Milimani. Kama wewe ni wa Nakuru unajua hiyo inamaanisha nini: miti ya jakaranda, mageti marefu, mbwa, Ikulu jirani. Shuleni waliniita dem wa Milimani na sikuwahi kukataa. Ukweli ni kwamba tunaishi SQ. Mathe amefanya kazi kwa hiyo nyumba miaka kumi na moja, anapika, anafua, amelea watoto wa Madam mpaka wakaenda chuo. Sisi tuko nyuma, chumba kimoja, pazia katikati, meko ya gesi mlangoni. Mshahara wake ni elfu kumi na saba. Marafiki wakitaka kunitembelea nilikuwa nakutana nao nje ya geti na kuwaambia, "Leo mbwa wamefunguliwa."

Hiyo ya mbwa niliitumia miaka minne. Mbwa mwenyewe ni mmoja, mzee, na hata kubweka ameacha.

KUCCPS ikanipa digrii ya unesi katika chuo kikuu cha umma, mbali na Nakuru. Mathe alipiga nduru mpaka Madam akatoka nje kuuliza nani amekufa. Kwa siku mbili picha yangu ilikuwa kwa status ya kila mtu wa kanisa letu. "Our daktari," waliandika, na mathe hakuwasahihisha.

Halafu ikaja fomu ya pesa.

Kama hujaelewa huu mfumo, shika hapa. Zamani mwanafunzi aliyepelekwa chuo kikuu na serikali alilipa karo ya 16,000 kwa mwaka, awe anasomea unesi ama historia. Mwaka 2023 ukaja mfumo mpya. Sasa kila kozi ina bei yake kamili, na unesi si kozi ya bei rahisi. Hiyo bei inagawanywa mara tatu: ufadhili wa serikali, mkopo wa HELB, na kinachobaki ni cha familia. Mwaka 2024 familia zilipangwa makundi matano kulingana na uwezo. Kundi la kwanza familia ililipa asilimia 5. Kundi la tano ililipa asilimia 40. Uliingia kundi gani? Ilitegemea ulichojaza.

Mimi nilijazia saiba moja pale tauni. Jamaa wa saiba alikuwa anasoma maswali kwa sauti, na nyuma yangu kwa foleni kulikuwa na watu watatu niliosoma nao.

"Mnaishi wapi?"

"Milimani."

"Mama anafanya kazi gani?"

Hapo ndipo niliharibu. Ningesema tu, anafanya kazi ya nyumba. Maneno manne. Nikasema biashara. Akauliza mapato kwa mwezi, nikataja pesa ambayo mathe hajawahi kushika mkononi. Jamaa akaandika, akabonyeza, nikalipa mia moja nikatoka nikitembea kama mtu wa maana.

Nikawekwa kundi la nne. Familia ilipe asilimia 30.

Kwa kozi yangu, hiyo asilimia 30 ya mwaka mmoja ilikuwa karibu mishahara saba ya mathe. Mishahara saba bila kula, bila kuugua, bila kununua hata sabuni. Na bado sijahesabu chumba, chakula, yunifomu, na nauli ya kwenda hospitali za mazoezi. Mara miaka minne.

Kulikuwa na nafasi ya kukata rufaa. Lakini rufaa ingetaka niandike kwamba yale ya kwanza yalikuwa uongo, na nimwambie mathe asaini. Nikanyamaza wiki tatu. Nilijiambia labda kutatokea kitu.

Kitu kilitokea. Jioni moja nilikuwa naanika nguo karibu na dirisha la jikoni, nikamsikia mathe akimwomba Madam amlipe mshahara wa miezi saba mbele. Miezi saba. Alikuwa anaongea ile sauti ya chini ya mtu anayeomba akiwa ameshajua jibu. Alikuwa pia ameenda kwa chama kuomba mkopo, na hakuwa ameniambia. Mathe ana miaka 51 na magoti yake hayapandi ngazi bila kushika ukuta. Na hiyo yote alidhani ni bei ya kawaida ya mtoto wake kusoma. Hakujua nusu ya mzigo nilimbebesha mimi, pale saiba, kwa sababu ya watu watatu kwa foleni ambao leo hata hatuongei.

Nikamwambia usiku huo. Hakunigombeza. Alikaa kitandani, akakunja leso mara mbili, akauliza, "Kwa hivyo mami, kazi yangu ni ya kuficha?"

Nimejaribu kujibu hilo swali tangu siku hiyo.

Jumapili iliyofuata alinipeleka Elburgon kwa dada yake, Tata, ambaye ni nesi. Ndiyo, nilikuwa na nesi kwa familia na sikuwa nimemuuliza kitu chochote. Kwa kichwa changu Tata alikuwa "nesi wa kawaida," na mimi naenda kuwa nesi wa digrii. Angenifundisha nini?

Kumbe Tata amepitia ngazi zote. Alianza miaka ya tisini kama nesi wa cheti, wale walioitwa enrolled. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi walianzisha mpango wa kusoma kwa kompyuta, ili maelfu ya manesi wa cheti nchini wapande hadi diploma bila kuacha kazi. Tata akaingia. Alikuwa anasoma akitoka zamu ya usiku, na mara ya kwanza kushika mausi aliiinua juu akidhani inafanya kazi kama rimoti. Akapata diploma. Baadaye, akiwa na watoto wawili shule ya upili, akapanda tena hadi digrii.

"Nimeingia chuo mara tatu," aliniambia, "na mara mbili za mwisho nilikuwa na mshahara wangu. Hakuna mtu aliomba pesa kwa niaba yangu."

Halafu akachomoa daftari ya hesabu, akachora mstari katikati. Nitawapa ile daftari kama vile ilivyokuwa, nikiongeza yale nimejionea mwenyewe, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kunichorea.

La kwanza: gredi na muda. Diploma ya unesi, ile ya KRCHN, inahitaji C plain na alama zake za masomo, biolojia ikiwa mojawapo. Ni miaka mitatu. Digrii inahitaji C plus, na C plus nyingine kwa biolojia, kemia, Kiingereza ama Kiswahili, na hesabu ama fizikia. Ni miaka minne, halafu mwaka mmoja wa intanshipu. Ukihesabu vizuri, wa diploma anaweza kuwa na leseni miaka miwili kabla wa digrii hajamaliza intanshipu. Na usisahau intanshipu pia ina siasa zake. 2024 madaktari waligoma siku 56, na malipo ya maintern yalikuwa kati ya mambo waliyopigania. Kumaliza darasa na kuanza kulipwa ni vitu viwili tofauti.

La pili: leseni. Wote wawili wanafanya mtihani wa Baraza la Wauguzi kabla ya kuruhusiwa kumgusa mgonjwa peke yao. Manesi wengi wa Kenya ni wa diploma. Yule aliyekuzalisha, yule aliyekudunga chanjo, kuna uwezekano mkubwa hakuwa na digrii. Mgonjwa hakuulizi.

La tatu: mshahara na cheo. Hapa tusidanganyane. Kwa muda mrefu serikalini mwenye diploma ameanzia kundi H na mwenye digrii kundi K. Hiyo si tofauti ndogo. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, kufanya utafiti, kusoma masters, ama kuongoza manesi wa hospitali kubwa, digrii utaihitaji, mapema ama baadaye. Mtu akikuambia diploma na digrii ni kitu kimoja, muulize anauza nini.

La nne: kupanda baadaye. Ukiwa na diploma na leseni unaweza kuongeza digrii ukiwa kazini, na kuna vyuo vilivyopanga kozi hiyo kwa ajili ya watu wanaofanya zamu. Kuna pia diploma za juu za KMTC kama wagonjwa mahututi, figo, thieta na afya ya akili, unaenda ukishapata uzoefu. Lakini Tata alisisitiza: kupanda kunachosha. Utasoma ukiwa na watoto, na deni, na zamu. Wengi husema watapanda na hawapandi.

La tano: ng'ambo. Najua wengi wenu mnafikiria hii na hamsemi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilisaini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya. Septemba 2024 Kenya ikasaini mengine na Ujerumani kuhusu wafanyakazi. Ujerumani utahitaji Kijerumani, kiwango cha B2, na hicho hakiji kwa wiki sita. Uingereza utafanya mtihani wa Kiingereza na mitihani ya baraza lao. Na waajiri wengi wa nje huuliza umefanya kazi miaka mingapi. Kwa hivyo mwaka wa kazi wodini nao unahesabika, hata kama hauna picha ya kofia ya mahafali.

Chini ya mstari Tata akaandika swali moja, akalizungushia kalamu: *Mwaka wa pili, karo ikikwama, nani atalipa?*

"Usiniambie mwaka wa kwanza," akasema. "Mwaka wa kwanza kila mtu ana harambee. Kanisa linachanga, mjomba anatuma, mheshimiwa anapiga picha na bahasha. Mimi nauliza mwaka wa pili, Februari, wakati hakuna mtu anakumbuka unasomea nini."

Sikuwa na jibu. Jibu langu lilikuwa magoti ya mathe.

Sasa, hapa watu wengi wanaoandika kuhusu hii topiki huishia kusema, "Kwa hivyo diploma ni ya maskini na digrii ni ya wenye pesa." Hapana. Nina rafiki wa Kaptembwo, tulipata gredi karibu sawa. Baba yake anasukuma mkokoteni Wakulima. Alijaza kila kitu kama kilivyo: mkokoteni, nyumba ya mabati, ndugu watano. Akaingia kundi la kwanza. Asilimia 5. Digrii kwake ikawa rahisi kulipa kuliko diploma kwangu. Na anataka kufundisha, amekuwa akitaka hivyo tangu kidato cha pili alipokuwa anatufundisha kemia kuliko mwalimu. Kwake digrii ilikuwa jibu sahihi la hesabu na la ndoto. Akienda diploma angekuwa anajipunja.

Kwa hivyo sitajifanya nilichagua diploma kwa hekima. Nilipokuja kusema ukweli, muda wa rufaa ulikuwa umepita. Sehemu ya uamuzi wangu ilifanywa na uongo wangu. Labda ningekuwa na asilimia 5 ama 10 na saa hii nikawa mwaka wa pili chuo kikuu. Hilo nalibeba.

Lakini hata nikiweka kando hiyo, daftari ilinionyesha kitu kingine. Tata aliniuliza nataka kufanya nini hasa, na nikajikuta sina picha ya digrii kichwani. Nilikuwa na picha ya status. Picha ya kazi niliyokuwa nayo ilikuwa ya wodi ya wazazi pale PGH, usiku ule mathe alipompeleka jirani kujifungua na mimi nikaenda kubeba begi. Nesi mmoja alikuwa na akina mama saba na alikuwa anawaita kwa majina yote saba. Hiyo ndiyo nilitaka. Na nilitaka mathe aache kupanda zile ngazi kabla hajafika 60. Kwa hayo mawili, miaka mitatu ilikuwa bora kuliko mitano.

Sikuripoti chuo kikuu. Nikafanya kazi duka la M-Pesa karibu na stage miezi kadhaa, nikaomba KMTC kupitia KUCCPS maombi yalipofunguliwa, nikapata kampasi ya Nakuru. Natembea kwa mguu kutoka nyumbani. Hiyo peke yake ni kodi ya chumba na nauli ambayo hatulipi, na kwa daftari ya Tata ilikuwa na mstari wake. Kwa wale hawajui: HELB inakopesha wanafunzi wa KMTC pia, na basari za kaunti na za CDF haziangalii tu wa chuo kikuu. Lakini mkopo ni mkopo. Utaulipa.

Na kama ulikuwa unadhani mfumo ukishakupanga mambo yametulia, kumbuka Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo mpya wa ufadhili unakiuka Katiba, na serikali ikaenda rufaa. Wanafunzi walikuwa katikati ya masomo wakingoja majaji waseme nani analipa nini. Usipange maisha yako ukidhani sheria za leo zitakuwepo mpaka umalize. Panga ukijua zinaweza kugeuka, na uache nafasi.

Kitu kingine kabla sijamaliza, na hiki usikirukie. Kabla hujalipa hata shilingi moja mahali popote, pawe pa diploma ama digrii, angalia kama Baraza la Wauguzi limeidhinisha hicho chuo kufundisha hiyo kozi. Chuo chenyewe kinaweza kuwa na geti zuri na ukurasa wa Facebook wenye watu wamevaa koti nyeupe. Bila idhini hutafanya mtihani wa leseni, na miaka yako itakuwa imeenda bure. Orodha iko kwa tovuti ya baraza. Dakika tano.

Kwa hivyo ukiniuliza nichague nini, sitakujibu, nitakuuliza. Unataka kufanya kazi gani, siku ya kawaida, Jumanne saa nane mchana? Nani analipa Februari ya mwaka wa pili? Nyumbani kuna mtu anayekungoja uanze kupata pesa, na anaweza kungoja miaka mingapi? Na je, umewaambia ukweli wanaojaza fomu, wanaokukopesha, na wewe mwenyewe? Ukijibu hizo nne, kozi itajichagua. Usipojibu, utachaguliwa na watu watatu kwa foleni.

Fomu ya HELB nilijaza nyumbani safari hii, kwa simu, mathe amekaa kando yangu akichagua mchele. Nikafika kwa kazi ya mzazi nikaandika: mfanyakazi wa nyumbani. Nikafika kwa mahali tunapoishi nikaandika: Milimani, SQ. Nikampa asome kabla sijatuma.

Alisoma polepole, kidole kwa skrini. Akarudisha simu.

"Ongeza hapo kwamba nimekaa kazi moja miaka kumi na moja," akasema. "Hiyo si watu wengi wameweza."

Hakukuwa na kisanduku cha hiyo. Kwa hivyo nimeiandika hapa.